Makofi Yetu Yaliharibu Roboti ya Binti Yangu, na Kina Mama Hawajui

Jumapili, baada ya kanisa.

Admin, salamu. Tafadhali nifiche jina. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, mkulima mdogo wa kahawa na mahindi upande wa Karurumo, Embu. Shule nilifika darasa la nane. Mume wangu alifariki mwaka jana. Nina binti mmoja, nitamwita Wanja, yuko kidato cha tatu.

Mume wangu aliugua koo. Miezi ya mwisho sauti iliisha kabisa, akawa anatuita kwa makofi. Akipiga mara moja, anataka maji. Mara mbili, anataka ageuzwe. Alikuwa mtu wa utani hata hapo: akipiga mara tatu unakimbia chumbani, unamkuta anacheka bila sauti, hataki chochote. Redio yake aliivalisha soksi isiingie vumbi. Hiyo soksi bado sijaivua.

Wanja akiwa likizo alimwambia, "Baba, nitakutengenezea kitu kikuletee maji hata kama mama yuko shambani." Tulicheka. Shuleni kwao kuna klabu ya roboti. Baba yake alikufa kitu chenyewe kikiwa bado ni magurudumu na nyaya, lakini mtoto hakuacha, alikimaliza. Kinabeba kikombe cha maji, na ukipiga makofi kinakuja ulipo. Mimi hilo la makofi sikulijua. Aliniambia tu, "Mama, njoo uone. Sisemi."

Mashindano yalikuwa Meru, ukumbi mmoja karibu na Kinoru. Kina mama wa kikundi chetu cha kanisa waliposikia, walisema huyo ni mtoto wao. Hawa ndio walionipikia wakati wa msiba, wakanichumia kahawa nikiwa siwezi hata kusimama. Tulikodi gari, tukavaa sare, tukabeba chai na nduma.

Admin, siku hiyo mitambo ilikataa. Kulikuwa na skrini kubwa ya kutuonyesha roboti, kwa sababu meza zilikuwa chini na sisi tulikuwa nyuma kabisa. Iliwaka, ikaonyesha picha iliyoganda ya mwanafunzi amefungua mdomo, ikazima. Stima ikapotea, ikarudi, ikapotea tena. Maikrofoni ikapiga yowe, ikanyamaza. Wazazi waliotoka mbali, wengine Ishiara, wakabaki wanatazama migongo ya watu. Mzee mmoja kando yangu akasema, "Kama hizi ndizo roboti, ng'ombe wangu ana akili kuzishinda." Watu walicheka, wengine wakaanza kutoka.

Sasa sisi wa huku, stima ikipotea kanisani hatukai kimya, mtu huanzisha pambio. Mama Njeru, kiongozi wetu, akasimama. "Akina mama, tutakaa hapa kama viazi? Watoto wanavunjika moyo! Tuwape nguvu!" Akaanzisha, tukaitikia na makofi, ukumbi mzima ukajiunga. Nilipiga mpaka viganja vikauma. Sikuwa nimeimba tangu mazishi.

Hatukujua zamu ya Wanja ilikuwa imeanza. Roboti zinatumia betri, kwa hivyo waamuzi waliamua kuendelea bila stima. Mtangazaji alipaswa kuomba ukumbi unyamaze, lakini bila maikrofoni sauti yake haikutufikia.

Niliona tu watu wa mbele wakiruka. Nikapanda juu ya kiti, nikaona kile kitu cha mtoto wangu kinazunguka kama kuku mwenye ugonjwa wa kideri. Maji yakamwagika, nacho kikaanguka kutoka mezani. Tukadhani ndivyo kinavyofanya kazi, tukashangilia zaidi.

Nilimkuta nyuma ya ukumbi, amekishika kama mtoto mchanga aliyelala. Nikamwambia, "Hongera, mwanangu."

Akaniangalia. "Mama, inaitwa kwa makofi. Kama vile baba alituita. Mlikuwa mnaiita nyinyi wote."

Mama Njeru akafika na flaski. "Usilie, mami. Ni mashini za hao watu zimekuharibia." Wanja akapokea chai, akasema asante, wala hakuinywa.

Shida yangu ni hii. Mwalimu wake amenipigia simu: waandaaji wamekubali makosa yao, na wanafunzi waliovurugiwa watarudia Jumamosi ijayo, hapa Embu. Wanja anasema atakubali kwa sharti moja. "Hao wa sare wasikuje. Wakikuja, mimi sitoki kwa dormi ya shule." Nikamkumbusha kwamba hao ndio walisimama na sisi tukimzika baba yake. Akanijibu polepole, "Najua, mama. Ndiyo maana siwezi kuwaambia mimi."

Na kina mama wameshakodi gari. Leo baada ya ibada Mama Njeru amenishika mkono. "Tumefanya mazoezi ya wimbo mpya! Mara hii hata stima ipotee, tuko tayari!" Wote wakacheka kwa furaha. Admin, na mimi nikacheka nao.

Nikiwaambia ukweli nitawavunja moyo, watu walionibeba. Wao wanajua mitambo ndiyo ilikosa, na kusema kweli ilikosa. Nikinyamaza, mtoto ataona nimewapenda majirani kuliko yeye na baba yake. Nilifikiria kuwaomba waje wakae kimya, lakini akiziona zile sare tu, si atageuka aondoke? Na hata mimi sijui kama nitaweza kukaa pale, mtu apige makofi mara moja, halafu nione maji yanaletwa.

Nyinyi mnaosoma, hasa mliowahi kubebwa na watu wakati wa msiba, mngewaambiaje? Nitasoma kila neno. Na Jumamosi mkiamka, mtukumbuke mimi na Wanja.