Gimbi la Harusi ya Teretia

Kila asubuhi, kabla hajatia kitu kinywani, Nei Kaobunang alishuka kwenye shimo lake la magimbi, akachovya kidole majini na kukiramba. Mwaka wa saba huu alikuwa akililisha babai moja, gimbi la kuliwa kwenye harusi ya mjukuu wake Teretia, na miaka yote hiyo maji ya shimo yalikuwa baridi, hayana ladha. Sasa yalikuwa na chumvi. Aliramba tena, akitumaini kidole kitabadili kauli. Hakikubadili.

Shimo hilo lilichimbwa na babu wa marehemu mumewe, likateremshwa mpaka kwenye maji matamu yaliyolala chini ya kisiwa. Namna ya kulisha babai aliachiwa na mama mkwe wake: majani gani, udongo gani, siku gani ya mwezi. Siri ya ukoo, mtu mmoja humwambia mtu mmoja, siku gimbi linapochimbuliwa. Jirani yao, mzee Bauro, aliiwinda miaka ishirini. Alikuwa akichungulia shimoni akijifanya anatafuta kuku wake, na hajawahi kufuga kuku.

Bamvua la mwezi wa pili liliangusha ukuta wa mawe ya matumbawe kwa mara ya tatu. Watu wakausimamisha tena, naye Kaobunang akabeba mawe pamoja nao, ingawa moyo wake ulikuwa umechoka kuliko mgongo. Ukuta huzuia maji yanayokuja kwa mbele. Haya ya chumvi yalipanda kutoka chini ya ardhi.

Ndipo akaanza kuiba maji ya tangi la mvua, ndoo mbili kila alfajiri, akiyamwaga shimoni kuzimua chumvi. Na mvua yenyewe haikuwa imeonekana tangu Krismasi.

"Bibi," alisema Teretia, aliyemfumania na ndoo mkononi. "Maji ya kunywa yamekaribia kuisha. Nikadhani tangi linavuja, kumbe linavujia kwako."

"Ni gimbi lako hili."

"Kwa hiyo nikishikwa na kiu nilinywe?"

Kaobunang alicheka kidogo, akaketi kwenye ukingo wa shimo. "Wenzetu waingie ukumbini na babai, sisi tuingie na wali wa dukani? Kwenye harusi yako mwenyewe?"

"Wali nao unashibisha, bibi. Majani yameshakuwa ya njano. Tulichimbue tu kabla halijaoza lote."

Walilichimbua siku hiyo hiyo, wiki moja kabla ya harusi. Juu lilikuwa zima. Chini lilikuwa laini kama sabuni iliyosahauliwa majini, na lilinuka. Kaobunang alikata, akakata tena, mpaka kikabaki kipande cha kujaza sahani moja. Miaka saba, sahani moja. Alilia bila sauti, kwa uchovu zaidi kuliko kwa huzuni.

Kisha akapangusa uso. "Kaa hapa. Gimbi limetoka, leo ndiyo siku ya kukuambia."

Teretia hakukaa. "Usiniambie, bibi. Tukishaoana tunahamia mjini Tarawa, tunapanga chumba. Nitakuwa nayo kichwani tu, sina hata pa kuchimba. Mpe mtu mwenye shimo."

Kaobunang hakumkasirikia. Binti alikuwa amesema kweli, na kweli haina mtu wa kugombezwa.

Siku ya harusi kila ukoo uliweka chakula mbele ya mahali pake pa kukaa ukumbini. Kaobunang aliweka wali, na juu yake ile sahani ya babai. Halafu akasimama bila kuombwa, jambo ambalo hakuwa amelifanya maishani mwake.

"Babai letu hulishwa hivi," alisema.

Akaeleza. Majani ya mtini-mwitu, yakaushwe siku tatu, yakatwekatwe. Udongo mweusi wa katikati ya kisiwa, konzi mbili kwa konzi moja ya majani. Kikapu kisicho na kitako kizungushiwe shina. Mlishaji awe hajala, na alishe wakati wa maji mafu tu. Alipokuwa akisema, wazee waliinamisha macho, kwa maana siri ya ukoo kusemwa hadharani ni sawa na mtu kuvua nguo mbele za watu.

Alipomaliza, alingoja maswali. Hatimaye Bauro akakohoa.

"Miaka ishirini nimeitafuta hiyo, Nei Kaobunang," alisema taratibu. "Ungenipa mara ya kwanza majani ya magimbi yangu yalipogeuka njano, ningekubebea mawe mpaka nife. Sasa shimo langu nafugia samaki."

"Samaki gani?"

"Wa baharini."

Hakuna aliyecheka. Kaobunang alirudi kuketi karibu na mjukuu wake. Alikuwa ameyatoa yote bila kubakiza, na hakuna aliyemwomba arudie.