Kilima Juu ya Kopo

Mwalimu wetu wa historia ya uchumi haamini namba mpaka ajue imezaliwa wapi. Ana sauti ya chini, kama ya mtu anayeongea na mgonjwa, na vidole vyenye weupe wa chaki hata siku ambazo hajagusa ubao. Ukimpa jedwali la bei huuliza kwanza, "Nani alipima? Na alipimia nini?" Siku hizi hata muuza chai wa kantini tunamuuliza hivyo.

Juzi mwenzetu mmoja aliingia darasani kifua mbele na mchoro wake wa bei za mahindi za zamani: mstari umenyooka hata kwenye miaka ya ukame. "Bei haikupanda," alisema, "kwa hiyo watu hawakuteseka." Mwalimu hakumbishia. Alitoa mkobani kopo na mfuko wa mahindi, akamimina mpaka kikasimama kilima juu ya kopo. "Hili la mwaka wa neema." Akachukua rula, akakikata kilima sawasawa na mdomo. "Hili la ukame. Bei ni ile ile." Kisha akaanza kuokota punje zilizotawanyika mezani, taratibu, asiache hata moja.

Mwenzetu alinywea. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Ndiyo maana bibi yangu hulitikisa kopo la muuzaji kabla ya kulipa."

Mwalimu akaacha kuokota. "Bibi yupo?"

"Yupo, Mwalimu."

Mkoba ulikuwa umeshafika begani mwake. "Sasa, wanangu, kama bibi yupo, humu ndani tunafanya nini?"