Masizi kwenye Ukuta wa Mdachi

Mimi si mtu wa hadithi. Niulize habari za chokaa, mawe, na jinsi maji ya mvua yanavyoingia ukutani, nitakueleza mpaka uchoke. Habari za mizimu nawaachia wenyewe. Ila hili moja lilinipata mimi, nikiwa mzima, sina homa, sijaonja pombe, na mara nyingi jua halijazama. Uniamini usiniamini ni shauri yako. Mimi nasema nilichokiona.

Ilikuwa enzi za Mdachi. Reli ilikuwa imekwishafika Morogoro mjini, na Wazungu walikuwa wakipanda milimani kujitafutia mashamba ya kahawa. Mmoja wao alijenga nyumba juu sana, mahali ambapo ukisimama barazani unauona mji wote chini yako, kama hakuna ukungu. Lakini ukungu ulikuwapo karibu kila siku.

Mimi ni mtu wa Mkuyuni. Kazi ya mawe nilijifunza misheni, kwa kuwachanganyia mafundi chokaa na mchanga. Mwaka ule mke wangu alifariki katika uzazi, yeye na mtoto, na nyumba tuliyokaa ilikuwa kwenye ardhi ya ukoo wake. Nani anakaa kwa wakwe hali mke hayupo? Basi niliposikia kwamba yule Mzungu wa juu anakwenda kwao Ulaya kuoa, na anatafuta mtu wa kulinda nyumba na kutunza ukuta mpaka arudi, nilipanda siku hiyo hiyo nikakubali. Wengine walikuwa wamekataa. Walisema kule ni baridi na hakuna wa kuongea naye. Mimi sikutaka kuongea na mtu. Nilidhani hivyo.

Ukuta wenyewe, kwa ndani, ulikuwa wa matofali ya kuchoma. Kwa nje ulikuwa umevishwa mawe, kutoka msingi mpaka chini ya bati, yamepangwa moja moja na kuunganishwa kwa chokaa. Ulikuwa ukuta mzuri. Lakini mlima haupendi ukuta mzuri. Ukikaa wiki tatu tu bila kuugusa, ukoga wa kijani unaota kwenye maungio, mizizi midogo inafuata, kisha maji yanapita nyuma ya jiwe na jiwe linaachia. Kwa hiyo kila siku nilikuwa na kazi. Nilianza juu nikashuka chini, kwa maji matupu na burashi ya katani. Limau hapana, maana limau linakula chokaa. Chuma hapana, kinakwaruza. Pale chokaa ilipopukutika nilikwangua, nikalowesha, nikajaza upya. Jioni nilichemsha magimbi nyuma, kwenye banda la jiko, nikala peke yangu huku nikisikiliza matone yakidondoka kutoka batini. Nakwambia kweli, kuna siku nilijisalimu mwenyewe ili nisikie sauti ya mtu.

Masizi niliyaona mvua kubwa za masika zilipoanza. Upande wa nyumba unaotazama mlima, usawa wa goti, kulikuwa na mawe matatu yaliyokaribiana ambayo hayakufanana na mengine. Mengine yalikuwa bapa. Haya yalikuwa ya duara kidogo, manene, kana kwamba fundi aliishiwa mawe akaokota yaliyokuwa karibu. Juu yake ukuta ulikuwa mweusi, kama mahali palipopikiwa. Nikasugua mpaka pakatakata, nikaenda zangu. Kesho yake weusi umerudi.

Ungefanya nini? Ungesugua tena. Nami nilisugua tena. Ukarudi. Nikatumia mchanga laini, nikatumia majivu, ukarudi. Mwisho nikafanya tulichofundishwa misheni kwa doa sugu: nikachukua udongo wa mfinyanzi, nikauponda na maji mpaka ukawa kama uji mzito, nikaupaka juu ya doa, nikauacha ulale hapo unyonye uchafu. Udongo ule kwa kawaida hukauka ukabanduka wenyewe kama ganda la ndizi. Asubuhi nilipokwenda kuubandua, uligoma. Nikaugonga kwa kidole, ukalia. Ulikuwa umeiva. Umeiva, nasema, mgumu na mwekundu kama kigae cha chungu, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha.

Nikaweka kiganja changu juu ya yale mawe. Yalikuwa na joto.

Alasiri ya siku hiyo ukungu ulishuka mzito, ukafunika migomba, ukafunika banda. Nilikuwa upande wa mbele nasugua ngazi. Nikasikia mtu anakohoa nyuma ya nyumba, kikohozi cha mtu mzima. Nikazunguka. Nikamkuta bibi mmoja amechuchumaa mbele ya yale mawe matatu, kaniki yake imelowa mpaka inadondosha maji, ameinyoosha mikono yake karibu na ukuta kama mtu anayeota moto. Jicho lake la kushoto lilikuwa jeupe, lina mtoto wa jicho. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba bila kugeuka, kisha akaniuliza kwa Kiluguru mimi ni wa ukoo gani. Nikamtajia. Akasema anawajua, ni watu wapole.

Sikuogopa. Nilidhani ni bibi wa vijiji vya juu, amenyeshewa akitoka shambani. Na nitakuambia jambo lingine: nilifurahi. Ilikuwa siku nyingi sijaulizwa mimi ni nani. Nikamkaribisha ndani ya banda, kwenye moto. Akasema hapa panamtosha. Nikachuchumaa karibu naye, tukakaa. Nilipokwenda kumletea gimbi na kurudi, hakuwapo.

Alianza kuja kila ukungu uliposhuka. Nikazoea kumaliza kazi mapema ili nimkute. Yeye alikuwa mwenye maneno machache, mimi ndiye niliyesema. Nilimweleza habari za mke wangu, jambo ambalo sikuwahi kumweleza mtu. Nilimwambia jinsi nilivyosimama nje ya mlango na wanawake hawakutaka kuniruhusu niingie. Alisikiliza, akasogeza mikono yake ukutani, akasema, "Baridi ya namna hiyo naijua, mjukuu wangu." Siku moja aliniuliza nani ananipikia. Nikasema hakuna. Akaniambia nilete chungu changu nikiegemeze pale. Nikacheka, lakini nikaleta. Magimbi yalichemka. Nilikula chakula cha moto bila kuwasha hata kijiti, na usingizi niliolala siku hiyo sikuwa nimeulala tangu msiba.

Najua unachotaka kuuliza. Hukushtuka? Nilishtuka, ndiyo. Lakini aliye peke yake muda mrefu huchagua kutouliza baadhi ya maswali, asije akamfukuza mgeni.

Kisha akapanda nyapara wa shamba, mtu wa makamo aliyekuwa akiishi chini kwenye kambi ya vibarua. Alileta habari kwamba Mzungu na mkewe wameshuka meli na hawatachelewa kufika. Akazunguka nyumba kukagua. Alipofika kwenye masizi alisimama.

"Unapikia ukutani kwa Bwana?" akaniuliza.

Nikamwambia sipiki, masizi yanakuja yenyewe. Akasema hayo nikamweleze Mzungu huku nimelazwa chini napigwa kiboko. Akaagiza nichukue patasi nichonge yale mawe mpaka weusi wote uishe. Na nikishindwa, ataleta watu wayapasue.

Kwa kujitetea nikamwambia, basi muulize yule bibi, naye huyaona. Akauliza bibi gani. Nikamweleza: mfupi, kaniki imelowa, jicho la kushoto jeupe.

Nyapara akavua kofia yake. Akaishika mikononi. Akakaa juu ya ndoo yangu, akanieleza kwa sauti ya chini. Kabla ya nyumba hii, palikuwa na nyumba nyingine hapa hapa, ya mjane mmoja. Mzungu alipopewa shamba, watu wa mlima waliamriwa kuhama. Wanawe walikwenda. Yeye alikuwa mgonjwa, akasema hatoki kwenye ardhi ya mama yake. Ikatoka amri nyumba ibomolewe. Vibarua wakabomoa. Mawe ya jikoni yakatupwa kwenye lundo pamoja na mawe mengine ya ujenzi. Mvua ilikuwa inanyesha, na bibi akakaa pale pale penye jivu lake, kila akiondolewa anarudi.

"Tulimkuta asubuhi," nyapara akasema. "Nilimzika mimi, pale juu kwenye mpaka, penye migomba mitatu. Jicho lake hilo la kushoto nililifumba kwa mkono wangu."

Akavaa kofia yake akashuka. Habari za patasi hakuzirudia, lakini pia hakuzifuta.

Alasiri ukungu ukaja. Nilikaa bandani, sikutoka. Nikasikia kikohozi. Nikajiambia, huyu ndiye aliyenisikiliza siku zote hizi, nitamwacha peke yake leo? Nikaenda. Alikuwa amechuchumaa kama kawaida. Nikasimama mbali kidogo, nikamwambia nimeambiwa niyachonge mawe yale.

Ndipo akageuka akanitazama kwa mara ya kwanza, uso mzima. Ulikuwa uso wa bibi wa kawaida, amini. Umechoka tu.

"Usinizimie moto wangu, mjukuu wangu," akasema. "Sina mwingine."

Nilikaa mpaka giza linaanza kuingia, nikifikiri. Nikiyachonga, atabaki na baridi. Nikiyaacha, watakuja wengine na nyundo. Kulikuwa na njia ya tatu, na niliijua tangu nyapara aliponitajia ile migomba. Lakini njia hiyo ingeniacha mimi bila mtu. Unaelewa? Kila nilipoliwaza hilo, nilitafuta sababu ya kungoja mpaka kesho.

Sikungoja. Nilichukua mwiko na patasi nyembamba, nikafungua maungio ya chokaa taratibu, bila kulijeruhi jiwe hata moja. Yeye alikaa kando akiangalia. Yalipotoka, nyuma yake, upande uliokuwa umekumbatia tofali, yalikuwa meusi tititi kwa moshi wa miaka na miaka. Yalikuwa mafiga. Mikono haikuweza kuyashika. Niliyafunga kwenye magunia yaliyoloweshwa, magunia yakatoa mvuke, nikayapandisha moja moja mpaka mpakani. Kila niliporudi kuchukua lingine nilimkuta pale pale. Nilipobeba la mwisho, akasimama, akanifuata nyuma. Nilisikia kaniki yake ikidondosha maji kwenye majani.

Penye migomba nikayapanga mafiga matatu kama yanavyopangwa jikoni, nikaweka kuni kavu nilizozichukua bandani. Kiberiti sikuwa nacho. Nikasema, "Bibi, karibu." Nikaondoka.

Nilipofika kwenye mteremko niligeuka. Moto ulikuwa unawaka. Bibi amechuchumaa mbele yake, amenipa mgongo, na kaniki yake ilikuwa imekauka. Nikamwita, nikasema shikamoo. Hakuitikia. Nikasema tena kwa sauti kubwa. Alikuwa anasogeza kuni, ameshughulika na jiko lake kama mwanamke aliye nyumbani kwake ambaye hakusikia mtu anayepita njiani. Nikarudi chini peke yangu.

Mashimo niliyaziba kwa mawe bapa ya mtoni. Nikayapaka chokaa, nikachafua chokaa kidogo kwa udongo ili ifanane na ya zamani. Mzungu alirudi na mkewe, akazunguka nyumba, akaridhika. Masizi hayakuonekana tena. Nilibaki pale msimu mmoja, na kila ukungu uliposhuka niliacha kazi nikazunguka nyuma ya nyumba. Ukuta ulikuwa safi na wa baridi. Nilipanda mpaka penye migomba mara nyingi. Majivu yalikuwapo, wakati mwingine ya moto. Mtu hapana. Mwisho nikaomba ruhusa nikashuka mjini.

Sasa nishike mkono. Unaona? Kila ninayemsalimu huurudisha mkono wake haraka, ananiuliza kama nina homa. Tangu nilipoyabeba yale mawe viganja vyangu vina moto. Mwanamke niliyemwoa baadaye hakuweza kuvumilia kuguswa, akarudi kwao, wala simlaumu. Ukichanganya chokaa ukanipa nishike, inakauka mkononi kabla sijaipaka, kwa hiyo hata ufundi niliuacha. Na mimi mwenyewe, mwenye mikono hiyo, sisikii joto. Naota moto mpaka nguo inanuka kuungua, na bado natetemeka.

Ndiyo maana nawaambia ninyi mnaojenga. Jiwe usilolijua lilikotoka, ligeuze kwanza utazame nyuma yake, na ukiona masizi liache hapo hapo. Na kama nyumba imekwishasimama, na kuna mahali ukutani ambapo unasugua leo na kesho pamerudi vile vile, tupa burashi, weka kiganja. Ukisikia joto, salimu kwa adabu, uliza ni wa nani, umrudishie chake siku hiyo hiyo.

Wala usikae naye kuongea. Usimzoee. Mimi nilimzoea.