Mtoto Namba Tisa

Karatasi ilitoka kwenye printa ikiwa na namba tofauti na zile zilizokuwa kwenye skrini.

Hakuna mkono uliozigusa. Ukumbi mzima wa kanisa ulikuwa unatazama, akina mama na watoto mapajani. Skrini ilisema hivi, karatasi ikasema vile.

Mtu mmoja huko nyuma akapiga kelele, "Banange, ni pepo!"

Haikuwa pepo. Nilikuwa mimi.

Naitwa Nabintu. Kwetu ni Bukavu, lakini maisha yangu yako hapa Kampala. Mchana nasuka nywele Ntinda, jioni nasoma kompyuta karibu na Kyambogo. Nina mtoto mmoja, Bénit. Akisinzia mgongoni shingo yangu inapata joto la pumzi yake, basi najua sasa naweza kuongeza kasi ya kusuka.

Baba yake ni Aristide. Aliniacha mimba haijaanza hata kuonekana. Wala hakwenda mbali. Alihamia kwa Huguette.

Huguette tunasali naye kanisa moja. Ana duka la vitenge hapo hapo Ntinda, na ndiye anayechapa matangazo ya kanisa. Akamzalia Aristide mtoto, Zéphyrin. Yeye na Bénit wangu wamepishana kidogo tu.

Fikiria hapo. Kidogo tu!

Kila Jumapili anakaa mbele, kitenge kipya, mtoto amepakwa mafuta anang'aa. Tulikuwa tunaimba wimbo mmoja huku mimi namwombea mabaya. Sikumwombea kifo, mimi ni mama. Nilimwombea aibu. Aibu ya mchana, mbele ya watu.

Sasa sikiliza.

Kanisa likatangaza shindano la watoto wachanga. Zawadi ilitoka kwa mama Lamunu, mke wa askari, Mwacholi mwenye kituo cha kulelea watoto kule Mbuya. Kituo chake kinafungwa saa mbili usiku, kwa sababu wake za askari wengi wanatoka kazini wamechelewa. Mshindi anapewa kiti cha bure, yaani nafasi ya mtoto wake pale kituoni, mwaka mzima.

Kwa wengine ilikuwa zawadi. Kwangu ilikuwa pumzi.

Maana wiki hiyo hiyo mwalimu wangu, Fadhul, alikuwa ameniita pembeni.

"Mama Bénit, mimi sina shida na mtoto. Wenye shule ndio wana shida. Wamesema akilia tena darasani, nisikuruhusu kuingia."

"Nimwache wapi, mwalimu?"

Akatazama ubao. 

Kwa hiyo bila kiti kile, masomo yangu kwisha. Nimsuke mtu kichwa mpaka nizeeke.

Jioni hiyo somo lilikuwa majedwali, hesabu ndani ya programu ya kuandikia barua. Fadhul akatuonyesha: chini ya safu unaweka fomula, na mashine inajumlisha kila kilicho juu yake.

Nikainua mkono. "Na mtu akija akaandika namba yake juu ya ile jumla?"

Akacheka. "Itakaa pale ikidanganya watu. Lakini mashine ikiambiwa ikokotoe upya, uongo unafutika na hesabu inarudi. Unaweza hata kuipanga ifanye hivyo yenyewe kila inapochapisha karatasi."

Uongo unafutika! Nilirudi nyumbani nacheka peke yangu njiani, Bénit naye akacheka bila kujua kwa nini.

Kesho yake nilimwendea mzee Okullo, mwanajeshi mstaafu, mkuu wa majaji.

"Mzee, nitawatengenezea jedwali la alama. Linajumlisha lenyewe."

"Bure?"

"Bure kabisa."

"Kale, sawa. Lakini Huguette ndio atajaza. Mashine ya kanisa yeye ndio anajua."

"Hakuna shida, mzee."

Hakuna shida! Si ndicho nilichotaka? Huguette kwenye kompyuta, mwanawe kwenye shindano. Nilijua ataiba, mtu aliyezoea kuchukua vya watu. Nikaiandaa mashine ya kanisa ikokotoe upya kila inapochapisha, nikaweka safu ya kila mtoto na jina lake juu. Vitu vya kupimwa vilikuwa vitano: afya, usafi, kutambaa, kucheka, mavazi. Kila kimoja alama kumi. Nikajaribu kwa alama za kubuni, jumla zikatoka safi.

Halafu nikaona mtego haujakaza: akikamatwa, angesema majaji walipendelea jina la mwanangu.

"Mzee, majina yana upendeleo," nikamwambia Okullo. "Wape watoto namba, kila mtu kwa jinsi alivyofika."

"Umesema kweli. Hata jeshini tunapeana namba."

Nikafuta majina juu ya safu, nikaandika moja mpaka tisa. Sikujaribu tena. Ya nini? Nilikuwa nimebadilisha vichwa tu.

Siku yenyewe Bénit akatapikia nguo zake mlangoni kabisa mwa nyumba. Mpaka nimemwosha na kumbadilisha, tumefika wa mwisho. Akabandikwa tisa kifuani. Zéphyrin, aliyevalishwa suti ndogo kama bwana harusi, alikuwa na mbili.

Zéphyrin alitambaa amenyooka kama yuko gwaride. Mzee Okullo akapiga makofi, "Huyu ataingia jeshi!"

Bénit wangu alipowekwa chini aliuona waya wa projekta, akaufuata. Nusura auzime ukumbi. Lakini alipobebwa na mzee akashika masharubu yake na kucheka, watu wote wakacheka naye. Kucheka alipata kumi juu ya kumi. Nilitokwa na machozi, usiniulize.

Huguette akajaza alama ya mwisho, akabonyeza kitufe. Jumla zikatokea kwenye skrini.

Namba mbili, arobaini na saba.

Namba tisa, hamsini na moja.

Watu walikuwa bize na soda, wachache waliona. Mimi niliona.

Kisha nikamwona Huguette. Aliinamia skrini. Midomo ikacheza cheza kama mtu anayesali kimoyomoyo. Akatazama huku na huku, akaandika. Ya namba tisa ikawa arobaini na mbili. Ya kwake ikawa arobaini na tano. Akaendelea kugusa na nyingine, sikuzijali, macho yangu yalikuwa yameganda kwenye tisa.

Haya, mama. Umeingia mtegoni mwenyewe.

Mzee Okullo akashika maikrofoni. "Mushindi ni namba mbili! Arobaini na tano!"

Nikasimama.

"Mzee, samahani. Chapisheni karatasi kwanza. Majaji waweke sahihi."

"Ehee! Jeshini hakuna kitu bila sahihi. Huguette, toa karatasi."

Printa ikanguruma. Okullo akavaa miwani. Akasoma, akatazama skrini, akasoma tena.

"Hapa iko tofauti. Namba mbili, arobaini na saba. Namba tisa... hamsini na moja?"

Hapo ndipo pepo alipotajwa. Nami nikatembea mpaka mbele, Bénit mkononi, polepole, kama bibi harusi.

"Si pepo, ndugu zangu. Huguette amefuta jumla za mashine akaandika za kwake. Mimi nimeona kwa macho. Karatasi imerudisha ukweli."

Ukumbi ukalipuka. "Haa! Mwizi wa mume, mwizi wa alama!" mama mmoja akapaza sauti. Wengine wakamtafuta Aristide kwa macho. Alikuwa nyuma kabisa, amejificha kwenye chupa ya soda.

Nikamgeukia Huguette. Maneno niliyokuwa nimeyatunza tangu nikiwa na tumbo, yakatoka.

"Baba umechukua, nikanyamaza. Sasa na alama za mtoto? Hata za mtoto, Huguette?"

Nilitaka alie. Nilikuwa nasubiri lile chozi kama mvua.

Hakulia. Alichukua karatasi mkononi mwa mzee.

"Mzee, tumepima vitu vingapi?"

"Tano."

"Kila kimoja alama ngapi?"

"Kumi."

"Mtoto asiyekosa hata kimoja anapata ngapi?"

"Hamsini, mama. Sasa hiyo ni swali gani?"

"Basi soma tena ya namba tisa."

Mzee akasoma. Sauti ikapungua katikati. "Hamsini na moja... juu ya hamsini."

Akaigeuza karatasi, kana kwamba jibu limejificha nyuma.

Mama Lamunu akauliza kutoka kiti chake, "Huyu mutoto amepita mpaka Mungu?"

Walicheka mpaka nikahisi sakafu inatikisika. Lamunu akatoa simu, akajumlisha safu moja moja. Namba mbili, arobaini na tano. Namba tisa, arobaini na mbili. Zilezile za Huguette. Hata za watoto wengine alikuwa amezirekebisha zote, na zote zilikuwa sawa.

Mimi nikatazama juu ya safu ya mwanangu. Pale kichwani, mahali nilipofuta jina lake, palikuwa na tisa.

Mashine inajumlisha kila kilicho juu yake. Kila kitu. Hata namba ya kifuani.

Zéphyrin aliongezewa mbili, Bénit akaongezewa tisa. Aliyefika wa mwisho ndiye aliyependelewa kuliko wote.

Mzee Okullo alivua miwani. "Nani alitengeneza hii kitu?"

"Mimi, mzee."

"Nani alisema watoto wapewe namba?"

"Mimi."

"Na nani amekuja wa mwisho akachukua tisa?"

"Kumbe mwizi ni wewe!" akasema yule yule mama aliyemwita Huguette mwizi, sauti ile ile. Nilimkumbatia Bénit nikaziba sikio lake kwa kifua changu, kana kwamba anaelewa.

Aliyeniokoa alikuwa Huguette.

"Mzee, huyu hakujua. Angejua, asingeita watu waje kuangalia."

Baadaye, watu wakipanga viti, nilimfuata.

"Kwa nini hukusema umeona kosa?"

"Nilitaka kukuambia Jumapili, tukiwa wawili. Nisikuaibishe." Akafunga kompyuta. "Na ningesema pale, weye ungenisikia?"

Nisingemsikia. Sote wawili tulijua.

Kiti cha Mbuya akakichukua yeye, kwa haki yake. Mimi nikaacha darasa. Jioni nilikaa nyumbani namtazama Bénit anavuta kamba za viatu vyangu vya shule, na hasira yangu haikuwa na pa kwenda. Kumchukia mtu aliyekukosea ni rahisi. Kumchukia aliyekusitiri, ni kazi!

Siku moja nikiwa nasuka, kivuli kikasimama mlangoni mwa saluni. Huguette. Vichana vyote vikatulia.

"Mama Bénit. Zéphyrin namchukua kituoni saa kumi na moja, nikifunga duka. Kuanzia hapo mpaka saa mbili, kile kiti kinakaa kitupu. Nimeongea na mama Lamunu."

"Amesemaje?"

"Amesema, 'Mimi nahesabu kiti. Kiti moja, mutoto moja. Kama ni ule wa mchana ama ule wa jioni, mimi sijali, sura yenyewe ni moja.'"

Mteja wangu akacheka, kichwa kikanitoka mikononi. Kweli wale watoto wana sura moja. Masikio ya Aristide, yote manne.

"Kwa nini unanifanyia hivi?"

"Sikufanyii weye. Wale ni ndugu." Akageuka kuondoka, akasita. "Na bado sikupendi."

"Hata mimi."

Tukacheka. Wa kwanza kucheka sijui alikuwa nani.

Sasa unajiuliza, na Aristide je?

Sisi pia tulijiuliza. Jioni moja tulipopishana getini Mbuya, yeye anatoa mtoto, mimi naingiza wangu, tukatazamana. Jumamosi kituo kinafungwa. Jumamosi duka linajaa, saluni inajaa. Na kuna mwanamume mmoja Jumamosi hana kazi ila kutazama mpira.

Huguette alimpa nafasi ya kuchagua: abebe, au alale nje.

Anabeba. Zéphyrin mgongoni, Bénit kifuani, mfuko wa nepi begani. Anapandisha barabara ya Ntinda jua likiwaka, anapita mbele ya saluni yetu, na wanawake wote wanatoka na vichana vyao mikononi: "Ssalongo! Ssalongo, shikamoo!" Hapa Kampala hilo ndilo jina la heshima la baba wa mapacha. Yeye aliyetaka mtoto mmoja asijulikane kabisa, sasa anaitikia kwa wawili. Anatembea ameinama. Bénit anamvuta masharubu.

Nami nasimama mlangoni, sikosi hata Jumamosi moja. Huguette naye yuko mlangoni mwa duka lake. Tunatazama tu mpaka akate kona.

Niliomba aibu ya mchana, mbele ya watu, na niliipata. Nilikuwa tu nimetaja mtu mwingine.

Darasani nimerudi. Mtihani ulipokuja tukaambiwa tutengeneze jedwali lenye jumla. Wenzangu waliweka namba juu ya safu zao. Mimi niliandika majina, nikajumlisha tena kwa vidole, kisha ndipo nikampa mwalimu. Nimefaulu.

Dada yangu unayesoma hapa ukiwa na hasira kifuani, kisasi sikukatazi. Nakuambia tu, kabla hujamwita mtu mwizi mbele za watu, jumlisha kwanza kwa mkono wako mwenyewe, na uangalie umeweka nini juu.

Na mtoto wako ana jina. Liandike.