Pete Tatu za Chini

Msonobari mchanga, au sapini kama tunavyouita Kalemie, hauwezi kuficha umri wake. Kila mwaka, msimu wa mvua, shina hutoa matawi kwa pamoja, yakalizunguka kama pete. Ukihesabu pete, umejua miaka. Kazi hiyo nimeifanya muda mrefu, na nilijivunia kuifanya nikiwa nimesimama, mikono mfukoni.

Ndiyo maana chefu, mkuu wa mtaa wetu, aliniita mimi kwenye kilima nyuma ya reli. Mjane mmoja, jirani yangu wa zamani, alidai misonobari ya shambani ilipandwa na marehemu mume wake mwaka alipozaliwa mtoto wao wa kwanza, miaka tisa iliyopita. Shemeji yake, aliyerudi kutoka Manono miaka sita tu nyuma, alisema ameipanda yeye. Aliyepanda ndiye angebaki na shamba.

Nilihesabu pete sita. Mti wa pili, sita. Wa tatu, sita.

"Papa, inama kwanza," mjane aliniambia. "Angalia kule chini, mu majani."

Nyasi zilikuwa na umande, nami nilivaa suruali safi. "Mama," nilimjibu, "miti haisemake bongo, uongo ni wa watu."

Watu wakacheka. Nikacheka nao, Mungu anisamehe. Shamba likapewa shemeji, na kabla ya mwezi kwisha mjane alifunga vitu vyake, akahamia Zongwe kwa kaka yake pamoja na watoto.

Juzi nilikuwa kwenye kilio cha jirani mwingine. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, kuni zikalowa, mtu akaleta matawi ya sapini kuwashia moto uani. Moshi wa utomvu uliponifikia, niliutambua. Niliwahi kuunusa, kwenye kilio cha mume wa yule mama, miaka mitatu kabla ya kesi. Mvua vilevile, waombolezaji wanatetemeka. Mtu alipanda kilimani na panga, akakata matawi ya chini ya kila mti, akayaleta begani.

Mtu huyo nilikuwa mimi.

Kesho yake nilikwenda nikapiga magoti kwenye tope. Chini ya nyasi vidole vyangu viliyapata makovu, yamezibwa na gome: safu moja, mbili, tatu. Yule mama alijua ni nani aliyeyakata matawi. Hakutaka kuniaibisha mbele ya watu, alisema tu niiname.

Chefu ameniambia kesi ilikwisha. Mitumbwi ya kwenda Zongwe hutoka hapa karibu kila siku. Bado sijakwenda.