Shali Niliyoianika Juu ya Wavu

Nichekeni tu, nimeshazoea, maana hata wajukuu wakitaka kuninyamazisha huniuliza ile shali ya paka iko wapi. Basi acheni niwasimulie mwenyewe, kabla wengine hawajawaongezea chumvi.

Wakati huo Wabelgiji walikuwa bado wanatawala, nami nilikuwa msichana wa Lweba, baba mvuvi, mama mwanika ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Mchumba wangu Wilondja alikuwa wa Baraka, na shida haikuwa yeye, shida ilikuwa mama yake. Mama Wilondja alisema sokoni, na maneno ya soko hayalali njiani: "Ule mutoto wa Lweba iko muzuri, lakini iko na harufu ya ndakala. Mutoto wangu ataoa muntu ao ataoa kitunga ya samaki?" Mimi, kikapu! Wilondja naye akaniambia wazi kwamba mama yake akikataa, yeye hawezi kumpinga. Nililia siku mbili, ya tatu nikashika sindano.

Kufuma nilifundishwa na masista wa misheni. Na mjomba alikuwa ameniletea kutoka mjini Usumbura uzi wa sufu wa ajabu, unaobadilika rangi wenyewe: unaanza mwekundu, unaingia rangi ya chungwa, halafu manjano, halafu kijani, wala hufungi fundo popote. Nikasema nitamfumia yule mama shali ya matundu-matundu, aone kama mikono hii ni ya samaki tu. Miezi miwili nilihesabu vishono kwa midomo mpaka mama akadhani nasali rozari.

Sasa, shali ya namna ile ikiisha huloweshwa, huvutwa pande zote ikakazika, ikauke hivyo hivyo, ndipo matundu yanafunguka. Sista alisema niitandaze kitandani. Kitanda chetu kilikuwa chembamba (tulilala watatu, msiniulize vipi), na kesho yake ndiyo Jumapili ya kwenda Baraka kumpelekea. Nikatupa macho nje, nikaona wavu wa zamani wa baba umefungwa kwenye vigingi vinne, umekazwa vizuri, pale mama alipoanikia ndakala miaka yote. Nikaukung'uta, nikaitandaza shali juu yake, nikaifunga pembeni kwa nyuzi. Nikajiona nina akili kuliko sista.

Ilikauka ikapendeza jamani! Niliinusa, nikasikia sabuni na jua. Mama akanusa, shangazi akanusa, majirani wakanusa, wote wakasema inanukia. Hakuna aliyekumbuka kwamba sisi sote ni watu wa Lweba, na mtu aliyezaliwa katika ndakala hasikii harufu ya ndakala.

Jumapili, mimi na shangazi tukafika Baraka kwa miguu, shali imefungwa ndani ya kitenge. Sebule ilijaa bamama, akina mama wageni. Nikapiga magoti, nikaitoa kwa mikono miwili. Mama Wilondja akaikunjua, bamama wakasema eeeh, rangi zikawashangaza, naye akajitupia mabegani. Nikaona pua yake inacheza. Mama mmoja karibu na mlango akaziba yake kwa mkono.

Akaja paka wa nyumba. Akaja wa jirani. Wa tatu, mwenye sikio moja, hakubisha hodi, aliruka moja kwa moja kwenye mapaja ya mama mkwe na kucha zikanasa ndani ya matundu yangu.

Ningekaa kimya yangekwisha. Lakini mimi nikamrukia paka, paka akavuta shali, shali ikavuta kitambaa cha kichwa cha Mama Wilondja, na kichwa chake chenye mvi kikabaki wazi mbele ya wageni.

"Kitunga ya ndakala imefika!" mmoja akapiga kelele, na nyumba nzima ikacheka.

"Ni paka ya hapa ndiyo haina adabu," shangazi akajitetea. Mimi nilishafunika uso, natamani ardhi ipasuke. Nilijua Wilondja nimempoteza.

"Munyamaze," Mama Wilondja akasema. Alikuwa ameokota shali, si kitambaa chake. Akaiweka usoni, akavuta pumzi, akakaa hivyo mpaka kicheko kikaisha. Alipoiondoa, macho yalikuwa yamelowa.

"Mama yangu alikuwa anaanika ndakala kule Nundu," akasema. "Akinibeba, nguo yake ilikuwa na harufu hii hii. Tangu tumuzike, sijaisikia tena ndani ya nguo." Kisha akanitazama. "Simama, mutoto wangu. Mi ndiye nilikuwa na haya ya kwetu."

Nikaolewa. Mwaka uliofuata nikamfumia shali ya pili, nikaianika kitandani kwangu juu ya shuka safi, kama sista alivyofundisha. Mama mkwe akainusa, akanirudishia.

"Hii haina muntu ndani," akasema. "Peleka kwa mama yako, aianike."

Basi niliapa, na kiapo sijakivunja: zawadi haitoki nyumbani kwangu kabla haijanuswa na mtu wa milimani, asiyejua ziwa. Isipokuwa shali za Mama Wilondja. Zile, mpaka alipotutoka, zilipitia Lweba kwanza.