Kitabu Nilichopeleka Harusini

Walimu vijana wa shuleni kwetu huniuliza mpaka leo: mwalimu, mtu anayeanza kujifunza mambo ya fedha na uwekezaji asome kitabu gani? Zamani swali hilo lilinipa raha. Nililijibu nimekunja nne: anza na hiki cha bajeti, ukimaliza shika hiki cha hisa na hatifungani, kile kinene usikiguse mpaka uwe na akiba. Siku hizi wakiniuliza nasikia uso unawaka.

Vitabu vyenyewe si vibaya. Nilivisoma kwa penseli mkononi, nyumbani kwangu Kwamndolwa, hapa Korogwe, na vilinitoa kwenye mikopo iliyonikaba tangu niajiriwe. Nikaanza kununua vipande vya mfuko wa uwekezaji kila mwezi, kupitia simu. Ubaya ulianza pale nilipojiona nimeelimika kuliko ukoo mzima.

Sura moja ilisema mtu azibe matundu yanayovujisha fedha yake. Nilipotafuta ya kwangu niliona tundu kubwa ni michango ya harusi. Mdogo wangu wa Kwaluguru, mtoto wa baba mdogo, alipotaka kuoa, niliingizwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati. Watu wanaahidi, mwenyekiti anashukuru. Mimi nikatuma picha ya vitabu vinne nimevipanga mezani, na chini nikaandika kwamba hivyo ndivyo ninavyopendekeza bwana harusi asome, maana sherehe ni ya siku moja tu. Watu wakaendelea kuahidi kama sikuandika kitu. Shangazi mmoja aliweka dole gumba, nadhani alikosea kubonyeza.

Harusini nilikwenda, na pilau yao nikala. Wakati wa zawadi watu walitoka wakicheza, huyu na godoro, yule na sufuria, na wafugaji majirani wakamleta ndama. Mimi nilibeba kitabu kimoja ndani ya karatasi ya maua. Mshereheshaji akakifungua, akalisoma jina la kitabu kwenye kipaza sauti, kisha akasema tumpigie makofi kaka yetu. Nilirudi kwenye kiti changu nimeridhika kabisa, na huko kuridhika ndiko kunakoniuma mpaka sasa.

Mwaka huu binti yangu amepata mchumba. Mke wangu, ambaye hakuwahi kuwa upande wangu katika mambo ya michango, aliniwekea bahasha ya kadi za michango ya harusi mezani.

"Za kwetu nimeshapeleka," alisema. "Za kwenu peleka mwenyewe."

Binti aliuliza jambo moja tu. "Baba, ndugu zako watakuja?"

Nilipanda basi mpaka Mkata, nikachukua bodaboda hadi Kwaluguru. Mdogo wangu alikuwa anapukuchua mahindi uani. Aliniamkia shikamoo kaka, mkewe naye shikamoo shemeji, nikaletewa kiti na maji, baadaye ugali na mlenda. Mtoto wao wa kwanza alikuwa anakimbiza kuku. Nilikula, nikasifia mahindi, nikaulizia mvua mara mbili. Bahasha ilikuwa mapajani muda wote huo.

Mwishowe nikaitoa kadi. Mdogo wangu alifuta mikono, akaipokea kwa mikono miwili. Mkewe akainuka, akaingia ndani, akatoka na kitabu changu. Nilijua narudishiwa, na sikuwa na la kulalamika.

Lakini hakunipa. Alikaa nacho. Kilikuwa kimejaladiwa kwa karatasi ya kalenda, na kingo za kurasa zimechafuka kwa vidole mpaka mwisho.

"Tulikisoma chote shemeji," alisema. "Mimi nasoma, yeye anasikiliza. Hata lile ghala la mahindi pale uani limetokana na hiki. Halafu kuna mahali kinasema kila nyumba iwe na mtu wa kumkimbilia likitokea jambo. Tukakubaliana ni wewe."

Nilisema vizuri, vizuri sana.

"Mwaka jana mtoto aliugua, tukapewa rufaa, akalazwa hukohuko Korogwe. Nikamwambia mwenzangu twende kwa shemeji. Akakataa."

Mdogo wangu alikuwa bado anaitazama kadi. "Kaka una mipango yako," alisema taratibu. "Nikaona tusikuvurugie bajeti."

Nikauliza walilala wapi.

"Mama yake wodini. Mimi nje, kwenye baraza ya hospitali. Tulishukuru tu, mtoto akapona."

Paa la hospitali hiyo linaonekana kutoka kwenye kibaraza changu, hapo hapo ninapokaa kusoma. Nilisema poleni, na niliona aibu hata ya kulitamka neno lenyewe. Yeye alishahamia kwenye harusi: atatoa mbuzi wawili, na atawahi kuja asaidie kuchinja. Nilitaka kumwambia asitoe chochote, nikaona hata hilo lingekuwa jeuri nyingine. Nikapokea.

Nyumbani binti alikuwa ananisubiri na simu mkononi, anapanga wageni.

"Watakuja," nikamwambia.

"Na baba mdogo wa Kwaluguru, yeye huwa anafikia kwa nani akija Korogwe?"

Lilikuwa swali la kawaida la mtu anayegawa vyumba. Nilitazama kibarazani, nikamwambia amwandike hapa kwetu.